Makaratasi Yatembee, Mzee Akae

Watu kadhaa waliniomba niiandike hotuba niliyotoa hapa Tabora mjini kwenye kikao cha wadau wa huduma za wazee, kwa sababu wengine walikaa nje na spika ilikuwa inakatika. Nimeiacha karibu vile vile nilivyoongea.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakuu wa idara mlioacha kazi zenu mkaja kutusikiliza, watendaji wa kata na vijiji, wenzangu wa mabaraza ya wazee, wazee wangu shikamooni. Na wa kwetu kabisa, mwangaluka.

Mimi nimefanya kazi ya ustawi wa jamii mkoa huu mpaka nikastaafu na sa hivi ni katibu wa baraza la wazee kwenye kata yetu, yaani nimekaa upande wa meza na sasa nakaa upande wa benchi, kwa hiyo mtanivumilia nikiwasemea watu wa benchi.

Kwanza niseme wazi, mimi sikubaliani na wanaosema serikali haijafanya kitu kwa wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003 na inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Msamaha wa matibabu kwa mzee asiyejiweza upo. Hospitali na vituo vya afya vina dirisha la wazee. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, inafikisha ruzuku kwa kaya maskini mpaka vijijini ndani kabisa. Kuna makazi ya wazee wasio na ndugu, hapa kwetu tuna Ipuli. Polisi wana dawati la jinsia na watoto. Mifuko ya pensheni iliunganishwa 2018, watumishi wa umma wakabaki na PSSSF na wa sekta binafsi NSSF. Na 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, humo ndani kuna mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Vyote hivyo vipo na vimegharimu hela na akili za watu.

Sasa shida iko wapi? Kila kimoja kina mlango wake, fomu yake, daftari lake na siku yake, halafu anayetoa taarifa mlango huu kupeleka mlango ule ni yule yule mzee mwenye goti bovu. Mganga anataka barua ya mtendaji, mtendaji anataka namba ya NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, NIDA wanataka kiapo cha mahakamani, na huko mahakamani kuna nauli, na nauli ndo hiyo hela ya TASAF ambayo haijaingia kwa sababu jina halifanani. Hakuna hata ofisi moja kati ya hizo iliyofanya vibaya, kila mmoja amefuata utaratibu wake, lakini mzee amezunguka wiki nzima na dawa hajapata.

Niwape mfano wa bibi mmoja wa vijijini huko Uyui, jina lake silitaji. Alikuja kwetu barazani na mfuko wa plastiki ameufunga kwenye ncha ya kanga, akafungua mezani. Ndani kulikuwa na kitambulisho cha taifa, kadi ya matibabu iliyochanika pembeni, kadi ya TASAF, barua ya kijiji ambayo muhuri umefifia, na karatasi ya daktari imeandikwa aende Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, akatolewe mtoto wa jicho. Nikavipanga mezani kimoja kimoja. Kwenye kadi moja anaitwa kwa jina lake la kwao la Kinyamwezi, kwenye nyingine jina la ubatizo, kwenye ya tatu wameandika jina la marehemu mume wake kama ndo ubini wake, na barua ya mtendaji imemwita mama fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mtu mmoja, majina manne, na yote ni yake kweli kabisa.

Halafu nikasoma namba ya NIDA. Wengi wenu mnajua zile tarakimu 20, nane za mwanzo ndo tarehe ya kuzaliwa, mwaka, mwezi na siku. Ya bibi inaanza na 1969. Sasa huyu bibi ana vitukuu, wanawe wakubwa wenyewe ni wazee, lakini siku ya kuandikishwa aliulizwa umezaliwa lini akasema hajui, kijana wa kuandika akakadiria, na kuanzia siku hiyo kwa serikali nzima bibi hajafika miaka 60. Akienda dirisha la wazee wanaangalia kitambulisho wanamwambia mama wewe bado. Anaonekana ni mzee, kila mtu kwenye foleni anamuita bibi, lakini kompyuta imesema bado. Na yule nesi simlaumu, maana akimpitisha halafu mkaguzi akaja, atajibu nini?

Jamani, hapa kwetu watu wa umri huo walizaliwa wakati hakuna vyeti, mtu anakumbuka alizaliwa mwaka wa njaa fulani, au kabla ya uhuru, au alikuwa anachunga mbuzi uhuru ulipopatikana 1961. Hiyo ni taarifa nzuri kabisa, mtu aliyekuwa anachunga mbuzi 1961 huwezi kumwandika 1969! Ni swala la mtu kukaa naye dakika kumi akamuuliza vizuri, kwa lugha anayoielewa, mbele ya jirani anayemjua. Na kule Ulyankulu kuna wazee waliokuja kutoka Burundi kama wakimbizi 1972, wakaja kupewa uraia wa Tanzania na vyeti vikaanza kutoka 2014, nao makaratasi yao yana historia yake ndefu na hawawezi kupimwa sawa na mtu mwenye cheti cha hospitali.

Kuna la vidole pia. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza 2019 wazee wengi walikwama pale pale kwenye mashine. Mtu ameshika jembe toka utotoni, amevuna tumbaku na kufunga majani yake miaka yote, mistari ya vidole imefutika na vidole vingine vimepasuka, mashine inasoma mara ya kwanza hakuna, mara ya pili hakuna, anaambiwa akapake mafuta arudi kesho. Wengi wakaishia kusajiliwa laini kwa jina la mjukuu. Sasa malipo yakihamia kwenye simu, hela ya bibi inaingia kwa mjukuu. Mjukuu akiwa mwema hewala, lakini akiwa kwenye kijiwe cha bodaboda ana madeni yake, bibi anasikia tu kwamba malipo yalishatoka. Hapo sasa uniambie alalamike wapi, kwa mratibu wa TASAF, kwa kampuni ya simu, kwa NIDA au polisi? Akienda kokote ataambiwa si hapa.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo moja zito, na wazee wenzangu mnisamehe kwa kuligusa mchana kweupe. Mikoa yetu hii ya magharibi na kanda ya ziwa ina historia ya mabibi kuuawa kwa kusingiziwa uchawi. Tunajua wanaanzaje kunyooshewa kidole. Macho mekundu. Mama amepika kwa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha tangu akiwa msichana, moshi umemwingia macho miaka hamsini, pengine ana ugonjwa wa macho unaotibika kabisa, anaishi peke yake, ng'ombe wa jirani amekufa au mtoto ameumwa, mganga wa kienyeji ametoa ramli, basi. Na mara nyingine nyuma ya ramli kuna shamba, kuna ndugu anataka urithi.

Sasa tulitazame kiofisi. Macho ni ya Mganga Mkuu. Kuishi peke yake ni la ustawi. Shamba ni baraza la ardhi. Vitisho ni polisi. Ramli chonganishi ni ya mtendaji na polisi. Jiko la kuni ni la watu wa nishati. Kila ofisi ina kipande kimoja, na kila kipande kikikaa peke yake kinaonekana kidogo. Mtu wa macho anaona mgonjwa wa kawaida anampa miadi. Baraza la ardhi wanaona kesi ya mpaka kama zingine. Polisi kata anasikia matusi tu ya majirani, hakuna kesi hapo. Lakini hivyo vipande vikiwa kwenye karatasi moja mbele ya watu wanne, mtoto wa darasa la saba atakwambia huyu mama maisha yake yako hatarini, na usiku wa leo asilale peke yake. Ndo maana mimi huu uratibu, wa ofisi kuongea zenyewe kuhusu mzee mmoja, siuiti mambo ya ofisini. Kuna watu tumewazika ambao kila ofisi ilikuwa na kipande cha habari zao.

Kuna wanaosema uratibu wa namna hiyo hauwezekani kwetu, idara nyingi, kila moja na wizara yake, wengine wanaripoti TAMISEMI inayosimamia halmashauri, wengine Maendeleo ya Jamii, wengine Afya, wengine Hazina. Nasema unawezekana na tunao tayari. Angalieni mtoto wa kaya iliyopo TASAF. Masharti ya ruzuku yanataka mtoto aende shule na mdogo apelekwe kliniki, kwa hiyo mwalimu anajaza mahudhurio, nesi anajaza, taarifa inarudi TASAF, malipo yanafuata hiyo taarifa. Idara tatu zinaongea kuhusu mtoto mmoja na mtoto mwenyewe hajabeba karatasi yoyote. Tunashindwaje kufanya hivyo kwa bibi yake anayemlea? Mara nyingi ndo anayelea kweli, wazazi wako mjini au hawapo tena duniani, na mwalimu akituma ujumbe wa mchango unamkuta yeye.

Tena hatuhitaji kamati mpya, naomba sana tusiunde kamati mpya, posho zitaliwa na kamati itakufa. Mpango wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ule tunaouita MTAKUWWA ulioanza 2017/18, umeweka kamati mpaka ngazi ya kijiji, humo yupo mtendaji, yupo mtu wa afya, mwalimu, viongozi wa dini, polisi wakiwepo. Ni watu wale wale tunaowahitaji. Waongeze ajenda moja tu kila kikao, wazee wetu wa kijiji hiki wakoje, na mjumbe wa baraza la wazee awe na kiti cha kudumu pale, asiwe wa kualikwa siku ya sherehe tarehe 1 Oktoba akapewa soda akaondoka.

Kuna watu wameniuliza huko nje wenzetu wanafanyaje, nitasema kwa kifupi. Zanzibar walianza Pensheni Jamii 2016, kila mwenye miaka 70 na kuendelea anapata, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa mpaka 50,000. Ninachokipenda pale ni urahisi wa sharti lenyewe, hawapimi nani maskini zaidi ya nani, wanaangalia umri na ukaazi, kwa hiyo milango ya kugonga inapungua yenyewe. Japani walianzisha bima ya matunzo ya wazee 2000, kisha toka 2006 wakaweka vituo vya mitaa ambako mtu wa afya, mtu wa ustawi na msimamizi wa matunzo wanakaa jengo moja. Marekani sheria yao ya wazee ni ya 1965, na 1973 wakaongeza ofisi za maeneo zenye kazi ya kuunganisha huduma za wazee wa eneo hilo. Hizo ni nchi tajiri, sisemi tuwaige majengo. Ninachoona ni kwamba na wao hela ilikuwepo na wazee wakawa bado wanapotelea katikati ya ofisi, ikabidi wamtafute mtu wa kuwashika mkono.

Kwetu mtu huyo ni nani? Afisa ustawi hawapo kila kata, tuongee ukweli, na wengine mmoja ana kata kadhaa na pikipiki haina mafuta. Tabora ni mkoa wa kilomita za mraba zaidi ya 76,000, na Sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya watu milioni 3.3. Afisa mmoja hawezi kuwajua. Anayewajua ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mwenyekiti wa kitongoji. Hao wanajua nani hajaonekana kisimani siku mbili. Kwa hiyo mimi napendekeza daftari la wazee lianzie kwenye kitongoji, mhudumu wa afya aandike, mwenyekiti athibitishe, mtendaji wa kijiji alitunze, na ngazi ya kata awepo mtu mmoja, awe ustawi au maendeleo ya jamii, anayejulikana kwa jina kwamba mzee akikwama popote huyu ndo wa kuulizwa. Huyo ndo apige simu NIDA, huyo ndo aandike kwa Mganga Mkuu. Barua iende ofisi kwa ofisi, mzee abaki nyumbani anasubiri jibu.

Na kwenye daftari hilo aandikwe majina yake yote anayotumia. Yote. La ubatizo, la kwao, la mume, la mtoto. Pembeni namba ya NIDA kama ipo, na kama mwaka umekosewa iandikwe umekosewa, na hapo mtendaji akusanye wote wenye tatizo hilo waletewe mtu wa viapo na watu wa NIDA kijijini siku moja, kuliko kila mmoja apande bodaboda kivyake kuja mjini.

Lakini daftari lisibandikwe ubaoni! Tafadhali sana. Najua kwa TASAF majina yanasomwa kwenye mkutano wa kijiji ili watu wahakiki na kuna sababu nzuri, ila orodha ya mabibi wanaoishi peke yao, nani mgonjwa wa macho, nani ana shamba, hiyo ikizagaa inaweza kumfikia mtu mwenye nia mbaya. Ikae kwenye kabati lenye kufuli.

Kingine ni siku. Siku ya malipo ya TASAF watu wanakusanyika wenyewe, hakuna anayehitaji kutangaziwa mara mbili. Basi siku hiyo nesi aje na mashine ya presha na ya sukari, mtu wa macho aje kama yupo, polisi kata apite, afisa aje na daftari lake. Mzee katembea mara moja amehudumiwa mara nne. Wasiokuwa TASAF nao waambiwe waje, maana kuna wazee wengi wanaachwa kwa sababu ruzuku inaangalia kaya, na mzee anayekaa kwa mtoto mwenye bati na duka anahesabika ana uwezo, kumbe humo ndani hapewi hata hela ya panadol. Hawa ndo wanaoficha zaidi, kwa kuogopa kumuaibisha mtoto.

Nisiwasahau wastaafu, mji wetu huu ni njia panda ya reli ya Kigoma na ya Mwanza, tuna wazee wa reli wengi kuliko sehemu nyingi. Mstaafu akiwa hai ana uhakiki, yaani kuthibitisha kwamba bado yupo, na afadhali sasa kuna wanaoweza kujihakiki kwa simu janja, ila mwenye simu ya kitochi bado anatafuta nauli. Akifariki ndo kazi inaanza kwa mjane. Cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, mahakama ya mwanzo kwa ajili ya mirathi, tangazo, akaunti, halafu mfuko wa pensheni. Yule mama yuko kwenye msiba, pengine hajui kusoma, na shemeji zake wana haraka kuliko yeye. Mtu wetu wa kata akiwa anajua msiba umetokea kwa nani, anaweza kumfuata mjane na orodha mkononi kabla shemeji hajamfuata na karatasi ya kusaini. Nimeona wajane wamesaini kwa kidole vitu wasivyovijua.

Najua swali la Mkurugenzi ni bajeti. Daftari ni daftari. Simu ya afisa wa kata inahitaji vocha. Mafuta ya pikipiki yanahitajika, hilo sikwepi, na mafunzo ya siku chache kwa wahudumu wa vitongoji. Lakini kubwa ninaloomba halina bei, ni wakuu wa idara kukubaliana kwamba taarifa ikishathibitishwa na ofisi moja, nyingine isimrudishe mzee kuanza upya. Barua ya mtendaji iliyokubalika afya ikubalike na TASAF. Umri uliothibitishwa na kijiji ukubalike dirishani wakati marekebisho ya NIDA yanasubiriwa. Hilo ni sahihi zenu tu, mnaweza kulimaliza kwenye kikao kimoja cha menejimenti.

Sisi wa kata yetu tumeshaanza kuandika vitongoji viwili, kwa daftari la kawaida la shule. Bibi yule wa mtoto wa jicho bado anasubiri, kwa sababu mwaka wake haujarekebishwa. Namuomba Mganga Mkuu, kabla hatujaenda kula, anijibu hapa hapa mbele ya watendaji wake: kwa mzee wa namna hiyo, barua ya kijiji na ya kata zikiwepo, dirisha la wazee litampokea au halitampokea? Na kama litampokea, tuandikiwe, ili nesi asije akabeba lawama peke yake.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.